Kalamu, si Karamu

Jovina mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, pale stendi, mbele ya kondakta anayepiga kelele kwamba basi linaondoka. Hapa naanza moja kwa moja. Ni alasiri, mvua inanyesha, wewe uko Nyarubungo kumuaga bibi yako, na baba yako ndiye aliyekupeleka kwa pikipiki. Dukani hakuna mteja. Madereva wa malori wamejifungia kwenye magari yao wanasubiri mvua ipungue, nami nimepata nafasi ya kusema bila wewe kunikatiza kwa ile "sasa mama, ngoja nikueleze."

Mambo ya kuvaa sweta, ya kula kwa wakati na ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua sitayaandika. Wewe ni mtu mzima, na yale ambayo hukuyashika nilipoyasema kila siku hutayashika kwa sababu yameandikwa kwenye karatasi.

Nataka kuzungumza nawe juu ya hiyo Linux yako uliyoiweka kwenye kompyuta ya duka, na juu ya Kahama. Kesho unakwenda Dodoma kuanza kazi. Mara ya kwanza ulipokwenda Dodoma, kwenye usaili, hukufika. Ulishuka Kahama ukarudi nyumbani, na nafasi ile akapewa mtu mwingine. Hii ya sasa imepatikana kwa juhudi zako na kwa rozari za bibi yako, na mimi nina hofu moja tu, kwamba utashuka tena. Lakini tuanze na mashine, maana nikianza na wewe nitalia, na leo sitaki kulia. Leo nimekasirika.

Sisemi kwamba ile Windows ya zamani ilikuwa malaika. Flashi za wateja ziliijaza virusi mpaka barua za watu zikawa zinapotea, panabaki alama tu ambayo ukiibonyeza haifunguki. Ukarudi kutoka chuo Mwanza na cheti chako cha kompyuta, ukakaa pale kwenye kiti cha wateja, ukasema, "Mama, nakuwekea Linux. Ni ya bure, na virusi vya hizi flashi haviiwezi." Nikasema sawa. Mzazi aliyelipa ada ya chuo hawezi kumkataza mtoto kufanya alichosomea. Na kweli, virusi havijaonekana tena tangu siku ile. Hakuna kirusi kinachoweza kuishi humo. Hata mimi mwenyewe naishi kwa shida.

Ulinieleza kwamba shida nyingine zinatokana na laptop yenyewe. Baba yako aliinunua Kabanga kwa mtu aliyevuka nayo kutoka Burundi, akaja nayo nyumbani akitabasamu kama aliyepata ng'ombe kwa bei ya mbuzi, na hakuna aliyeangalia kibodi. Kibodi ya Kifaransa. Pale inapotakiwa iwepo A pana Q, na M imekimbilia pembeni kama mtoto aliyevunja sahani. Ukabandika vikaratasi juu ya herufi, ukaiamuru Linux ifuate vikaratasi vyako. Inafuata. Kisha siku moja inajisasisha yenyewe, inakula bando langu lote, na ikimaliza inarudi kwenye Kifaransa chake kama mtu aliyekwenda kusalimia kwao. Naandika "Nyakanazi" inatoka "Nyqkqnqwi", na mteja amesimama hapo anaangalia kioo kisha ananiangalia mimi. Hata kulisoma siwezi. Halafu mteja anafikiri ni mimi nisiyejua kuandika.

Na kile kifuniko. Kompyuta imetengenezwa ikiwa na kifuniko, mtu unakifunga ukienda kula, unakifungua ukirudi. Hii yetu ukikifungua kioo kinabaki cheusi, feni inazunguka, taa inawaka, na ule mshale mdogo unatembea peke yake gizani. Nikakuita uone. Ukaangalia, ukakuna kichwa, ukatoa suluhisho la msomi: "Mama, usiwe unakifunga." Tangu hapo haifungwi. Naifunika kitenge kuzuia vumbi la malori, kama mtu anayefunika maandazi.

Usinune, bado sijamaliza. Unakumbuka yule mwalimu mkuu aliyekuja na barua yake kwenye flashi? Aliiandika kwao kwenye Windows, ukurasa mmoja, safi kabisa. Kuifungua hapa, jina lake na cheo chake vikateremka mpaka ukurasa wa pili, peke yake, chini hakuna kitu na juu hakuna kitu. Akaangalia, akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Jovina, nimehamishwa?" Nikapunguza ukubwa wa maandishi, jina likarudi, lakini nembo ya shule ikapanda juu ya anwani. Nikaishusha nembo, jina likaondoka tena. Nikakuita, ukasema ni fonti. Kwako kila kitu ni fonti au ni draiva. Madereva mimi nawajua, wanalala hapa nje kila siku na wanakunywa chai kwa mama ntilie. Huyo draiva wa printa unayemsema kila siku sijawahi kumwona, na nikimwona tutaelewana.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ule ujumbe. Mashine inakatika katikati ya kazi, kioo kinabadilika rangi, yanatokea maneno ya Kiingereza. Nikakuomba unitafsirie, ukasema, "Inasema, lo, kuna kitu kimeharibika." Kitu gani? Kimeharibikaje? Mtu mzima hawezi kuja kwako akabisha hodi, akasema kuna kitu kimeharibika, kisha akasimama hapo anakutazama. Halafu inaniuliza kama ningependa kutuma taarifa ya tatizo. Natuma. Nimeshatuma taarifa nyingi kuliko mtendaji wa kijiji, na hakuna aliyewahi kunijibu hata kwamba zimefika.

Nilipokuwa nalalamika hivyo ulicheka ukanijibu maneno ambayo yalinichoma, na sikukuonyesha kwamba yamenichoma. Ulisema, "Mama, wewe na hiyo mashine mmefanana. Wewe nawe ukiniita unasema imekataa, basi, unanyamaza."

Ni kweli. Printa imekataa, sauti imekataa, flashi imekataa. Na wewe kila mara unauliza, "Imekataaje, mama?" na mimi nachukia kuulizwa, maana naona kama imekataa ni imekataa. Nimewaza sana juu ya hilo, nikagundua kwamba sikuanzia kwenye kompyuta. Nilipoolewa nikaletwa Nyarubungo kutoka kwetu Ngara, miezi ya mwanzo niliishi nimenuna. Bibi yako akaniuliza, "Mkwe wangu, una nini?" Nikasema sina kitu. Akamuuliza baba yako, naye akasema hajui. Nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole kwa ajili yangu. Na jambo lenyewe lilikuwa ugali wa muhogo. Kwetu nilizoea ndizi na maharage, pale ni muhogo asubuhi na jioni, tumbo langu likagoma, na mimi nikaona aibu kusema, nikiogopa wataniona mwenye kudeka. Siku nilipolia mbele ya bibi yako na kumwambia, alishika kiuno. "Ndizi tu?" akasema. "Mimi nilidhani mwanangu anakupiga." Na kesho yake akaenda kuomba mkungu kwa jirani.

Kwa hiyo ukiwa Dodoma usiniambie "niko poa mama" kwa sauti ile ninayoijua. Kama bosi amekufokea, sema amekufokea na alisema nini. Kama ni njaa, sema njaa. Mimi huku sitaweza kukufanyia mengi, lakini nitajua cha kumwambia Mungu, maana hata yeye nadhani amechoka na watu wanaomwambia mambo ni magumu.

Sasa tuje kwenye printa, kwa sababu printa ilinifundisha jambo juu yako, na sikufurahi kufundishwa na printa. Katekista alikuja na tangazo la ndoa, anataka nakala chache za kubandika vigangoni. Nikabonyeza chapa. Kimya. Mashine ikasema kazi imekamilika. Imekamilika wapi? Nikabonyeza tena. Kimya. Katekista akasema, "Mama Jovina, labda haijasikia," nami nikabonyeza kama mtu anayepiga mlango wa nyumba inayoungua. Akachoka akaenda zake. Jioni ukaja, ukaangalia, ukasema karatasi ilikwama kidogo asubuhi, kwa hiyo Linux ikaisimamisha printa bila kumwambia mtu, na kazi zote nilizotuma zimejipanga foleni humo zinangoja. Ukabonyeza mahali fulani. Ikaanza kutapika. Ndoa ya watu wawili wa hapa Nyakanazi ikachapwa nakala za kutosha parokia nzima na za majirani zao Wasukuma ambao hata hawasali kwetu. Tumeandikia mahesabu nyuma ya zile karatasi mpaka ndoa yenyewe ikapata mtoto.

Ulicheka siku ile, mimi nikaendelea kuokota karatasi, na ukadhani nimekasirikia karatasi. Nilikuwa nakumbuka mwaka wako wa kidato cha pili, ulipoacha kusema nami. Ulikuja likizo ukiwa umefunga mdomo kama mfuko wa saruji. Nikawa nakuuliza, kila nikipita mlangoni kwako, "Jovina, una nini? Jovina, nani amekuudhi?" Asubuhi nauliza, mchana nauliza, nikiona taa nauliza. Hukujibu hata mara moja. Kisha siku tuliyokuwa na wageni wa ubatizo wa binamu yako, mbele ya paroko na sahani ya pilau mkononi, majibu yote yakatoka kwa pamoja, tangu swali la kwanza mpaka la mwisho. Kwamba wanafunzi wenzako wanakucheka unavyosema. Kwamba unasema "chakura" na "kurara". Kwamba umejifunza kwangu.

Nilikupiga kofi. Unalikumbuka, najua. Mimi nalikumbuka zaidi, kwa sababu ulikuwa umesema kweli.

Siku hizi nabonyeza mara moja, nangoja. Kwenye printa nangoja, na kwako nitangoja. Nikikupigia usipokee, sitapiga tena. Ukipata nafasi utapiga mwenyewe, na ukipiga usianze kwa kuomba msamaha.

Umeona nilivyofika kwenye hizo herufi, L na R. Nilitaka kuzikwepa. Lakini Kahama haielezeki bila hizo.

Kule kwetu Ngara, shuleni Kabanga, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mhangaza kama sisi. Mtu mzuri, mkali. Wakati wa imla alikuwa anasimama mbele anasoma kwa sauti, "Mtoto amerara chini ya meza," nasi tunaandika alichosema, mtoto amerara. Akikusanya madaftari anatuchapa fimbo, kwa sababu kitabuni ni amelala. Tunamwambia, mwalimu, umesema amerara. Anajibu kwa hasira, "Nimesema amerara, sikusema amerara." Jovina, nakuapia, darasa zima tulikuwa hatujui tofauti iko wapi. Lugha yetu haina haja na L, inaishi vizuri tu na R yake. Mimi nikamaliza shule nikijua kwamba zile herufi mbili ni jambo la fimbo, kwamba kuna watu wanaozisikia na watu wanaochapwa, na kwamba mwenye akili haulizi ipi ni ipi, anabahatisha na kukunja kiganja.

Nikazeeka hivyo. Nimefungua duka la kuchapa na kurudufu katikati ya njia panda ya Nyakanazi, nawaandikia watu barua za Kiswahili, na neno lenye L au R nikilitilia shaka natafuta neno lingine. Nilikuwa naandika "shule ya msingi" kwa ujasiri kwa sababu nimeiona kwenye vibao. Neno ambalo sijaliona kwenye kibao nalizunguka. Wateja hawakujua. Baba yako hakujua. Wewe ulidhani ni ulimi tu.

Sasa siku ile ya Kahama. Neno la siri la kufungulia mashine ulikuwa unaliandika wewe kila asubuhi, mimi nakuta tayari imefunguka. Ulipokuwa unaondoka ulinong'oneza, umebeba begi, kondakta anakuita: "Mama, ni kalamu." Nikakuambia nimesikia. Na nilisikia. Nilisikia karamu, nikafurahi hata, nikasema moyoni mwanangu ameweka neno la sherehe.

Asubuhi ile ikawa na madereva wengi, kila mmoja na karatasi zake za kuchapa kabla ya kuendelea na safari. Nikaandika. Ikasema si sahihi. Nikaandika tena polepole, kidole kimoja. Si sahihi. Zile nukta nyeusi hazikuonyeshi umeandika nini, zinakuonyesha tu kwamba umeandika, kana kwamba hilo nilikuwa na shaka nalo. Nikakupigia, ukapokea, basi likiwa Ushirombo.

"Mama, shikamoo, kuna nini?"

"Marahaba. Imekataa."

"Imekataaje?"

"Inasema si sahihi."

"Umeandika kalamu?"

"Ndiyo. Karamu."

"Herufi ndogo zote?"

"Ndogo zote. Karamu."

Ukafikiri ni ile kibodi imerudi Kifaransa. Ukaniambia nibonyeze Q mahali pa A. Nikabonyeza. Ukaniambia niangalie pembeni juu kama pameandikwa FR. Hapakuwa na FR. Ukaniambia nizime niwashe. Ukanifundisha jinsi ya kufungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, ambacho ukiandika neno la siri hakionyeshi hata hizo nukta, hakionyeshi kitu chochote, unaandika kwenye shimo. Nikaandika karamu kwenye shimo. Ikakataa. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika. Dereva mmoja akasema nyuma yangu, kwa upole kabisa, "Mama, usihangaike, nitachapisha mbele ya safari," na wengine wakamfuata.

Katikati ya hayo yote, Jovina, kulikuwa na swali moja la kuuliza. "Mwanangu, ni L au ni R?" Lilikuja mpaka hapa kwenye meno. Lakini madereva walikuwa wanasikiliza, na mimi ndiye mwenye duka la kuandika. Sikuweza kumuuliza mtoto wangu tofauti ya L na R mbele ya wateja. Nikaona heri nikasirike. Nikakuambia, "Nenda tu, mwanangu. Duka limeshanifia." Nikakata simu.

Nawe ukashuka Kahama.

Ulifika hapa jioni umepakiwa kwenye kichwa cha lori. Ulikaa, ukaandika neno, mashine ikafunguka palepale kama mlango wa kanisa. Ukairudisha pale inapouliza neno la siri, ukaniambia niandike mimi, ukasimama nyuma yangu unaangalia vidole. Kidole kikaenda kwenye R. "Mama," ukasema, "ni kalamu. Ya kuandikia." Nikakujibu kwa hasira, "Ndiyo, karamu ya kuandikia." Ukakaa chini sakafuni ukacheka mpaka machozi, na mimi nikacheka kwa kukuona unacheka. Kisha ukakumbuka usaili ni kesho yake asubuhi na hakuna basi la kukufikisha. Kicheko kikaisha. Ukanisaidia kufunga duka.

Hukunilaumu, si siku ile wala baadaye, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Mashine niliyoitukana miaka yote, siku hiyo haikuwa na kosa. Siku moja tu ambayo ilikuwa na haki, ndiyo siku iliyokugharimu. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini hawakusema mama asiyefunzwa anafunzwa na nani.

Tangu hapo umekuwa mlinzi wangu. Umeniwekea na kile kitu cha kuingia kwenye mashine ukiwa popote, nakaa naandika, mara mshale unaanza kwenda wenyewe, ni wewe uko sokoni unanitengenezea mambo kwa simu. Umeniambia Dodoma itakuwa vivyo hivyo, kwamba hata ukiwa kazini utachungulia. Baba yako anaona ni jambo zuri. Mimi naona ni Kahama nyingine. Utakuwa umekaa kwenye ofisi ya watu, wanakulipa, na roho yako iko hapa Nyakanazi inafukuzana na printa. Watakuvumilia kidogo, kisha hawatakuvumilia.

Hapo ndipo penye jambo ambalo jioni ukirudi kutoka kwa bibi yako sitakuambia.

Leo asubuhi mlipoondoka niliwasha mashine. Iliwaka, ikaonyesha ile alama yake ya mduara, kisha kioo kikawa cheusi. Juu kushoto pana kistari kidogo cheupe kinachowaka na kuzima. Haisemi neno, haiulizi neno la siri. Jana jioni ilikuwa imejisasisha. Nimezima nimewasha, ni vilevile. Nimechomoa flashi na waya wa printa, ni vilevile. Feni inazunguka. Nimeifunika kitenge chake, nimeandika kwa mkono kwenye kadibodi: FOTOKOPI IPO, KUCHAPA HAKUNA. Kisha nikachukua karatasi za katekista zilizobaki nikaanza kukuandikia wewe.

Ukiniuliza jioni mashine iliamkaje nitakuambia ipo, na itakuwa kweli, ipo. Nikisema zaidi ya hapo utakaa nayo na kile kidirisha chako cheusi, mpaka basi likupite, na utaniambia "mama, nitaondoka kesho kutwa, si tatizo." Nakujua. Mimi ndiye niliyekuzaa na ukaidi huo.

Usiwaze nitafanya nini. Hapa njia panda hapakosi fundi wa kila kitu, na kama fundi akishindwa nitarudisha Windows na virusi vyake vyote, baba yako afurahi. Au nitatafuta mtu wa kuuliza, na nitauliza mbele ya madereva, kwa sauti, neno kwa neno, ipi ni L na ipi ni R, nao wakicheka wacheke. Duka likifa, litakuwa limekufa kwa kompyuta. Halitakuwa limekufa kwa sababu mwanangu aliondoka, na kama mtu yeyote wa ukoo akikuambia hivyo, mwambie aje aniulize mimi.

Nitakulilia, hilo nalisema wazi. Nitalia ukishaondoka, nikiwa nyuma ya fotokopi ambako wateja hawaoni, na kile kiti cha wateja nitakiangalia siku nyingi. Nimekukasirikia kwa kuniachia mashine hii, na nimejikasirikia kwa kukuhitaji namna hii, na huko kote ni kukupenda tu, sina jina lingine la kukuambia.

Barua hii nimeiweka kwenye mfuko wa chakula, chini ya ndizi za kuchoma. Safarini huli mpaka njaa ikushinde, na njaa yako haikushindi kabla ya Nzega. Lakini kama safari hii umekula mapema, na unasoma hapa huku basi linaingia stendi ya Kahama, na mkono wako uko kwenye begi, basi utoe. Nunua maji kupitia dirishani. Kahama wanashuka watu wa Kahama.

Mama yako